Barua ya Wazi kwa Kampuni Iliyotutuma Nyumbani kwa Muda

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji, Makao Makuu, Ontario, Kanada
Meneja Mkazi, Ofisi ya Dar es Salaam

1 Novemba 2025

Yah: SIKU ZETU ZA UKAAZI WA KUDUMU WA KANADA

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Ndugu Meneja Mkazi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka huu nimewaandikia kwa Kiingereza mara tatu: Machi 12, Juni 3 na Agosti 18. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Ya pili, makao makuu mkanielekeza Dar es Salaam. Ya tatu, Dar es Salaam mkanirudisha makao makuu. Ndipo nimeamua kuandika hadharani, na kwa Kiswahili. Ndugu Meneja Mkazi ni Mtanzania mwenzangu, ataisoma barua hii bila mkalimani na anaweza kumfikishia Mkurugenzi kila neno. Lakini zaidi ninawafikiria mafundi wenzangu wa uchorongaji walioko kambini Kanda ya Ziwa na wake zao walioko Mwanza, Sudbury na Edmonton. Wanastahili kuyajua haya kabla hawajawekewa mezani karatasi kama ile niliyosaini mimi.

Jina la kampuni sikuliandika. Sina nia ya kumchafua mtu, na nyinyi mnajijua.

Mimi ni fundi mkuu wa mitambo ya kuchoronga miamba. Nilipata ukaazi wa kudumu wa Kanada Aprili 2016, nikaishi Sudbury, mji wa nikeli, na huko ndiko mlikoniajiri. Binti yetu alizaliwa huko mwaka 2018. Mwishoni mwa 2020 mlitafuta mtu wa kusimamia mitambo mitatu Kanda ya Ziwa: mtu anayezijua mashine zenu hadi kwenye nati, na anayeweza kuelewana na vijana wa kule kwa lugha yao. Mkanichagua. Nilifurahi, sitaficha. Mama yangu alikuwa hai bado, na nilikuwa sijamwona kwa miaka mitano.

Februari 15, 2021 tuliondoka na barua yenu mkononi. Ilisema nimeazimwa kutoka makao makuu kwa miezi 18, kwamba nitabaki mwajiriwa wa kampuni ya Kanada, na kwamba kazi yangu ya Sudbury inanisubiri. Barua hiyo ninayo hadi leo, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Naomba nieleze sheria kidogo, kwa ajili ya wasomaji wengine na pia kwa sababu watu wenu wa rasilimali watu wameniambia zaidi ya mara moja kwamba "kadi ikiwa hai hakuna tatizo". Si kweli. Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada, kifungu cha 28, inamtaka mkaazi wa kudumu awe na siku 730 za kuwapo Kanada, au zinazohesabiwa kama hizo, katika kila kipindi cha miaka mitano. Kadi ya mkaazi wa kudumu ni kitu kingine. Kadi inaweza kwisha muda wake na ukaazi ukabaki, na kadi inaweza kuwa hai huku ukaazi wenyewe umeshaingia hatarini. Ofisa anapokukagua, anahesabu kurudi nyuma miaka mitano kutoka siku hiyo.

Sheria hiyo haikutusahau sisi tunaotumwa. Siku za nje ya nchi zinahesabiwa kama siku za Kanada iwapo umeajiriwa kwa muda wote na kampuni ya Kanada. Mwenzi wako, kama naye ni mkaazi wa kudumu na amefuatana nawe, anahesabiwa pia. Kanuni ya 61 ya kanuni za sheria hiyo inafafanua: lazima uwe mwajiriwa wa kampuni ya Kanada, au una mkataba wa kuihudumia, na uwe umepangiwa na kampuni hiyo, kama sharti la ajira yako, kwenda kwenye kazi iliyo nje, kwenye kampuni tanzu au kwa mteja wake. Mahakama ya Shirikisho ilieleza katika hukumu ya mwaka 2011 kwamba kupangiwa huko kuna maana ya kazi ya muda, huku mfanyakazi akibaki na uhusiano na kampuni ya Kanada na akitarajiwa kurudi kuifanyia kazi. Anayeajiriwa moja kwa moja na kampuni ya nje, hata kama mwenye hisa zake zote yuko Toronto, hawezi kuitegemea kanuni hii.

Basi kila kitu kinasimama juu ya jambo moja: nani ni mwajiri wangu, na nani alinituma. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Mlibadilisha mwajiri wetu bila kutuambia kinachobadilika.

Mwisho wa Agosti 2022 muda wa kuazimwa ulikuwa umekwisha. Niliuliza kama nifunge mizigo. Nikaambiwa nibaki, mradi umeongezwa. Siku mbili baadaye zililetwa karatasi mbili kambini. Ya kwanza ilikuwa ya kusitisha ajira na kampuni mama "kwa makubaliano". Ya pili ilikuwa mkataba mpya na kampuni tanzu ya Tanzania, kuanzia Septemba 1. Aliyezileta alisema ni mabadiliko ya orodha ya mishahara tu, ili malipo yapite benki za hapa. Tulikuwa watu saba tuliosimama pale kontena la ofisi, wengine na ovaroli zikiwa na matope, mtambo namba mbili umekwama shimoni na simu inaita. Tukasaini.

Hakuna kilichobadilika katika kazi. Ratiba ya zamu inatoka Ontario. Tathmini yangu ya kila mwaka inaandikwa na msimamizi aliye Ontario. Vipuri naagiza Ontario, na mtambo ukiharibika usiku wa manane ninayempigia yuko Ontario. Mshahara peke yake ndio uliohama, na jina la mwajiri juu ya karatasi.

2. Hesabu yangu mwenyewe.

Nahesabu kurudi nyuma kutoka leo hadi Novemba 1, 2020. Kuna siku 106 nilizokuwa Sudbury kabla ya kuondoka. Kuna siku 563 za kuazimwa, kuanzia Februari 15, 2021 hadi Agosti 31, 2022. Kuna siku 21 za Desemba 2023 tulipokwenda likizo. Jumla ni 690. Nimepungukiwa siku 40.

Na hesabu hii haikai mahali pamoja. Kesho asubuhi dirisha la miaka mitano litasogea siku moja mbele, na siku moja ya Sudbury ya mwaka 2020 itadondoka upande wa nyuma. Kila zamu ninayomaliza kambini inanitoa siku. Kutoka Septemba 2022 hadi jana nimewafanyia kazi hapa siku 1,136, ukiziondoa zile 21 za likizo. Kama mlikuwa waajiri wangu siku hizo zote, kama mlivyokuwa kwa vitendo, basi mimi na mke wangu hatuna la kuogopa. Kama hamkuwa, tumeshavuka mstari na hatukujua siku tuliyouvuka.

Mke wangu ndiye anayeniumiza zaidi. Yeye aliacha kazi ya kutunza wazee Sudbury ili anifuate. Siku zake zinaning'inia kwenye siku zangu. Hakusaini karatasi yoyote wala hakuulizwa lolote.

3. Tuna sura mbili kwenye makabrasha yenu.

Kwa mgodi mnatutambulisha kama wataalamu wa makao makuu. Nimeuona wasifu wangu kwenye zabuni yenu: "fundi mkuu, Kanada, uzoefu wa Sudbury". Kwenye ripoti zinazokwenda serikalini, mimi ni Mtanzania aliyeajiriwa hapa hapa, nahesabiwa kwenye ushirikishwaji wa wazawa. Sikatai kwamba mimi ni Mtanzania. Pasipoti yangu ni ya Tanzania na najivunia. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje ninakuwa mtu wa makao makuu siku ya kutafuta kazi, halafu siku ninayohitaji sahihi ya makao makuu ninaambiwa sijulikani huko?

4. Mwenzetu wa Edmonton.

Simtaji jina, na ameniruhusu niandike. Ni fundi umeme, alisaini siku ile ile tuliyosaini sisi. Kadi yake iliisha muda akiwa kambini. Bila kadi hai, mkaazi wa kudumu hapandi ndege ya abiria kwenda Kanada mpaka apewe hati ya safari na ofisi ya viza, na hapo ndipo siku zinapohesabiwa. Aliomba kwenu barua ya mwajiri. Ofisi ya Dar es Salaam ilimpa mistari minne: ni mwajiriwa wa kampuni tanzu tangu Septemba 2022. Basi. Hakuna neno juu ya nani alimtuma, wala anaripoti kwa nani, wala atarudi lini.

Akanyimwa hati. Uamuzi wa aina hiyo ukitolewa ukiwa nje ya nchi, una siku 60 za kukata rufaa. Aliziomba kumbukumbu zake: barua ya kuazimwa, tathmini, karatasi za kodi za T4 za miaka aliyolipwa Kanada. Zilimfikia siku ya 71. Alikuwa ameshauriwa asipeleke rufaa mikono mitupu, naye akawasubiri nyinyi. Sasa anaomba kuongezewa muda, na hajui kama atakubaliwa. Mkewe na watoto wawili wako Edmonton. Mdogo alimuuliza kwenye simu kama baba amefungwa.

Nilikuwa naye chumba kimoja usiku ule. Ndiyo sababu ya barua hii, kama mnataka kuijua.

5. Hatuna wa kumuuliza.

Hili ni fupi. Hakuna hata mtu mmoja, Ontario au Dar es Salaam, aliyepewa kazi ya kujibu maswali ya ukaazi ya wafanyakazi mnaowatuma. Tunapigwa danadana.

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine nimeshaambiwa ana kwa ana.

Mtasema uhamiaji ni jukumu la mtu binafsi. Kuhesabu siku ni jukumu langu, na hilo nimelibeba. Daftari langu lina kila mhuri wa pasipoti. Lakini ofisa wa uhamiaji haombi daftari langu peke yake. Anataka barua iliyosainiwa na ofisa wa kampuni ya Kanada, inayoeleza cheo changu, muda na masharti ya kupangiwa nje, na kwamba kampuni ni ya kweli, haikuanzishwa ili kuwatunzia watu ukaazi. Sahihi hiyo siwezi kujiwekea.

Mtasema nilisaini kwa hiari. Nilisaini, sikatai sahihi yangu. Nilisaini nikiambiwa ni mabadiliko ya malipo, na aliyeniambia alikuwa mtu wenu.

Mtasema sheria za madini za Tanzania ziliwabana. Kanuni za ushirikishwaji za mwaka 2018 zinataka Watanzania wapewe kipaumbele cha ajira na mafunzo, na ni jambo jema. Vijana niliowafundisha hapa wameanza kuendesha mitambo wenyewe. Kumpa kijana wa hapa kazi hakuhitaji kumkatia fundi wa Sudbury uzi wake na kampuni iliyomtuma. Mngeweza kutuazima upya kwa miezi 18 mingine, mkawaajiri hao vijana kwa mikataba ya hapa, na kila mtu akabaki mahali pake.

Na mmoja wenu alinishauri nichukue uraia wa Kanada, yaishe. Alisema kwa nia njema, kwa hiyo namjibu kwa heshima. Mwenzetu Mkenya aliuchukua na hakupoteza kitu, kwa kuwa katiba yao ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa kwetu unaondoka. Nina shamba la marehemu mama Sengerema na nina kaburi lake pale. Wengi wetu tunabaki na ukaazi wa kudumu miaka yote kwa sababu hiyo hasa. Kwetu si kituo cha njiani. Halafu, hata ningetaka, uraia unadai siku 1,095 za kuwapo Kanada kwa mwili ndani ya miaka mitano, na siku za kutumwa na kampuni binafsi hazimo. Siku nilizowapa nyinyi zimenifungia mlango huo nao.

Mtu anaweza kusema pia kwamba ofisa ana mamlaka ya kuangalia utu na maslahi ya mtoto. Anayo. Lakini hiyo ni huruma ya mtu mmoja siku moja, nami sitaki kumpeleka binti yangu wa miaka saba akawe ushahidi wa huruma wakati ukweli wa ajira yangu umo kwenye makabati yenu.

Naomba yafuatayo.

Kwanza, barua ya ukweli. Isainiwe na ofisa wa makao makuu mwenye mamlaka. Ieleze kwamba niliazimwa Februari 2021. Kwamba Agosti 2022 mkataba ulihamishiwa kampuni tanzu kwa uamuzi wa kampuni. Na kwamba tangu hapo nimeendelea kupangiwa kazi, kusimamiwa na kutathminiwa kutoka Ontario. Siwaombi mwandike uongo. Kama kuna sentensi hapo mnaiona si kweli, niiteni tubishane juu yake. Ofisa ataamua mwenyewe uzito wake, lakini awe na ukweli wote mbele yake. Barua kama hiyo wapewe wote saba, pamoja na nakala za kumbukumbu zetu zote, ndani ya siku 14.

Pili, rudisheni ajira zetu kampuni mama, kwa barua mpya za kuazimwa zenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na kazi ya kurudia Kanada. Asiyetaka kuongeza muda arudishwe Kanada sasa kwa gharama za kampuni, kama barua ya 2021 ilivyoahidi.

Tatu, mlipieni mwenzetu wa Edmonton wakili wa kushughulikia rufaa yake, na ofisa wenu aandike kiapo kueleza kwa nini kumbukumbu zilichelewa. Hili lisisubiri kikao cha bodi.

Nne, kuanzia sasa karatasi yoyote inayogusa jina la mwajiri iambatane na maelezo ya maandishi, kwa Kiingereza na Kiswahili, yakieleza inagusa vipi siku za ukaazi. Mtu apewe siku 30 za kutafuta ushauri kabla ya kusaini, na apewe akiwa ofisini, si shimoni.

Ndugu Meneja Mkazi, wewe ulikuja msibani kwa mama yangu mwaka jana, ukakaa chini kwenye mkeka na sisi hadi jioni. Sijasahau. Ninakuandikia nikijua una moyo wa kusikia, na ningependa jibu litoke kwako kabla halijatoka kwa mwanasheria.

Ndege yetu ya kwenda Kanada ni Desemba 14. Kadi yangu na ya mke wangu zinaisha Februari 9, 2026. Tukifika uwanjani, ofisa ataturuhusu kuingia kwa kuwa bado ni wakaazi, lakini anaweza kutuandikia ripoti pale pale dirishani. Nimetayarisha bahasha ya kumkabidhi: pasipoti, cheti cha binti yetu, barua ya 2021, tathmini zangu nne na hesabu ya siku. Nafasi ya barua yenu nimeiacha mbele, juu ya zote.

Wenu katika kazi,

Fundi mkuu wa mitambo,
Kambi ya uchorongaji, Kanda ya Ziwa

Nakala: Mafundi wote walioazimwa